Njia za Kale za Mahujaji wa Kumano katika Rasi ya Kii, Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kumano Kodo ni nini, na iko wapi?

Kumano Kodo, yaani "njia za kale za Kumano", ni mtandao wa njia za miguu zinazokata milima ya Rasi ya Kii, kusini mwa miji ya Osaka, Kyoto na Nara, na kukutana katika mahekalu makuu matatu ya Kumano. Rasi hiyo imegawanyika baina ya mikoa ya Wakayama, Nara na Mie, na sehemu yake kubwa ni milima yenye misitu inayoteremka hadi ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2004 UNESCO iliziingiza njia hizo, pamoja na maeneo matakatifu zinayoyaunganisha, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2016 vipande vingine vya njia vikaongezwa.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba kilichoorodheshwa si majengo peke yake. Njia yenyewe, pamoja na ngazi zake za mawe, mizizi yake na matope yake, ilihesabiwa na waliozipita kuwa sehemu ya ibada. Karibu kila ushauri utakaosoma hapa chini unatokana na jambo hilo moja: anayefika Kumano bila kutembea ameona majengo, lakini Kumano hajaiona.

Je, ni sahihi kuiita safari hii "hija"?

Kwa maana pana, ndiyo, na ndivyo tutakavyoiita. Hata hivyo Kiswahili kinatupa neno jingine linaloikaribia zaidi. Watu wa pwani hutofautisha hija, ambayo ni faradhi yenye mahali pake na wakati wake, na ziara, ambayo ni safari ya mtu kwenda kuzuru mahali penye baraka kwa nia yake mwenyewe. Safari ya Kumano ilikuwa ya namna hii ya pili. Hapakuwa na amri iliyomlazimisha mtu kwenda, wala mwezi mmoja uliotengwa, wala idadi ya mara zilizotosha; wapo waliokwenda mara moja katika maisha yao, na wapo waliorudi kila walipopata nafasi.

Mahujaji walikuwa wakifuata nini huko?

Walifuata mahekalu matatu yanayoitwa kwa pamoja Kumano Sanzan: Kumano Hongu Taisha lililo ndani milimani, Kumano Hayatama Taisha katika mji wa Shingu karibu na mlango wa Mto Kumano, na Kumano Nachi Taisha lililo karibu na maporomoko ya maji ya Nachi. Asili ya ibada hizo ni heshima kwa vitu vya maumbile vyenyewe. Huko Nachi kinachoheshimiwa ni maporomoko yenye kimo cha mita 133, na huko Shingu ni jiwe kubwa liitwalo Gotobiki, lililokaa juu ya mlima na kufikiwa kwa ngazi za mawe 538 zenye mwinuko mkali.

Dini ya Kibudha ilipoenea Japani haikuiondoa miungu ya huko ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, bali ilifungamana nayo. Mungu wa Hongu alitambuliwa kuwa sura ya Amida, Buddha wa pepo ya magharibi, wa Hayatama kuwa sura ya Yakushi, Buddha wa uponyaji, na wa Nachi kuwa sura ya Kannon mwenye mikono elfu, mtukufu wa huruma wa Kibudha. Kutokana na mafungamano hayo likazuka fundisho kwamba Hayatama huosha makosa ya maisha yaliyopita, Nachi huleta neema katika maisha ya sasa, na Hongu huhakikisha wokovu wa maisha yajayo. Hadi leo huko Nachi hekalu la Kishinto na hekalu la Kibudha la Seiganto-ji yamesimama ubavu kwa ubavu, na Seiganto-ji ndilo la kwanza katika mzunguko mwingine mashuhuri wa mahujaji, ule wa mahekalu 33 ya Kannon ya magharibi mwa Japani.

Kwa watu wa Kyoto, mji mkuu wa zamani, milima hii ya kusini ilikuwa mfano wa nchi ya wafu. Mtu aliyeingia humo alikubali kufa kwa mfano, akapita katika taabu ya njia, kisha akatoka akiwa amezaliwa upya. Taabu haikuwa gharama ya kufika. Taabu ndiyo iliyomtakasa.

Ni nani waliozipita njia hizi zamani?

Kaisari mstaafu Uda alikwenda Kumano mwaka 907, lakini mkondo mkubwa ulianza na Kaisari mstaafu Shirakawa, ambaye safari yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1090. Go-Shirakawa aliyemfuata baadaye alikwenda zaidi ya mara 30, na Go-Toba alikwenda mara 28. Safari ya kutoka Kyoto na kurudi ilichukua karibu mwezi mzima, na msafara wa kifalme ulikuwa na watumishi, wapagazi, watawa na washairi.

Mmoja wa washairi hao, Fujiwara no Teika, alifuatana na Go-Toba mwaka 1201 na kuandika shajara ya safari. Shajara hiyo ina thamani kubwa kwetu kwa sababu Teika hafichi uchovu wake. Anaeleza mvua, ugonjwa na malazi duni, na alipovuka milima ya mwisho baina ya Hongu na Nachi mvua ilimlowesha mpaka akakosa maneno ya kuueleza ugumu wa njia. Mtu anayeipanda milima hiyo leo katika mvua ileile humwelewa vyema.

Baada ya zama za makaisari walikuja askari wa tabaka la samurai, kisha watu wa kawaida kwa maelfu, mpaka ukazuka msemo wa "safari ya Kumano ya siafu", kwa jinsi mistari ya mahujaji ilivyofanana na mistari ya wadudu hao. Waliokuwa wakiwahamasisha watu hao ni watawa wa kike waliozunguka nchi nzima wakiwa na michoro mikubwa ya Kumano na ya ulimwengu wa wafu, wakiieleza kwa hadithi sokoni na majumbani.

Je, wanawake waliruhusiwa?

Kumano iliwaruhusu, na hili ni jambo la kuheshimiwa, kwa kuwa milima mingi mitakatifu ya Japani iliwafungia. Kumano ilijulikana kwa kumpokea kila mtu bila kujali jinsia, cheo, ugonjwa wala kama ana twahara au hana. Inasimuliwa kwamba mshairi wa kike Izumi Shikibu alifika Fushiogami, kilomita chache kabla ya Hongu, akaingia hedhini. Akiamini kwamba hastahili tena kuendelea, alitunga shairi la huzuni. Usiku mungu wa Kumano akamjibu ndotoni kwa shairi, akimwambia aje tu. Hadithi hiyo ni ya kimapokeo, lakini kusimuliwa kwake kwa karne nyingi kunaonyesha jinsi watu walivyoielewa Kumano.

Hali ilikuwa tofauti kabisa mahali pengine katika rasi hiyohiyo. Koyasan, mji wa watawa ulioanzishwa na Kukai mwaka 816, uliwakataza wanawake kuingia mpaka amri ya serikali ya mwaka 1872 ilipoondoa makatazo ya namna hiyo; kabla ya hapo waliishia katika vibanda vya ibada vilivyojengwa milangoni, wakauzunguka mji kwa njia ya milimani inayoitwa hata leo njia ya wanawake. Kwenye Mlima Sanjogatake katika safu ya Omine, wenye kimo cha mita 1,719, katazo bado linaendelea, na kuna lango lenye maandishi yanayowazuia wanawake kupita. Msafiri wa kike anayepanga kupita upande huo anapaswa kulijua hilo mapema, asije akakutana nalo mlimani.

Kuna njia ngapi, na nichague ipi?

Njia kuu ni tano, na kila moja ina tabia yake.

Nakahechi inatoka Tanabe, pwani ya magharibi, na kukata milima kuelekea Hongu, kisha Nachi na Shingu. Hii ndiyo iliyopitwa na makaisari, ndiyo yenye alama bora, na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza. Imeelezwa kwa kirefu katika swali linalofuata.

Kohechi inatoka Koyasan hadi Hongu, karibu kilomita 70, na inavuka vivuko vitatu vya mlima vyenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Kivuko cha mwisho kinaitwa Hatenashi, maana yake "kisicho na mwisho", na kando ya njia yake zimepangwa sanamu 33 za mawe za Kannon. Njia hii huchukua siku nne, vijiji vyake ni vichache, na wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Ni kwa mtu aliyezoea milima.

Iseji inatoka hekalu kuu la Ise na kufuata upande wa mashariki wa rasi kwa takriban kilomita 170. Ilikuwa njia ya watu wa kawaida katika kipindi cha Edo (1603–1868), ambao walipokwisha kuzuru Ise waliendelea kusini hadi Kumano. Inapokezana baina ya vivuko vifupi vya msituni na ufuo wa bahari, na ina mawe ya kale mazuri kuliko njia nyingine zote. Katika kivuko cha Matsumoto kuna sanamu ya Jizo, mtukufu wa Kibudha anayelinda wasafiri, ambayo, kwa mujibu wa wenyeji, ilipigwa risasi siku ileile iliposimamishwa, kwa kuwa mwindaji aliyepita gizani aliidhani ni jini. Baada ya kivuko hicho njia inashuka hadi ufuo mrefu wa kokoto wa Shichiri Mihama, na mbele yake kuna Hana no Iwaya, mwamba wenye kimo cha mita 45 unaoaminiwa kuwa kaburi la Izanami, mama wa miungu. Hapo hapana jumba la ibada. Mwamba wenyewe ndio hekalu, na mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Februari na tarehe 2 Oktoba, wenyeji huuvutia kamba ndefu kutoka kileleni.

Ohechi inafuata pwani ya kusini, na sehemu yake kubwa imemezwa na barabara za magari. Njia ya tano, Omine Okugake, inapita juu ya migongo ya milima kutoka Yoshino na ina vituo 75 vya ibada. Ni uwanja wa mafunzo wa watawa wa Shugendo, yaani wanaojizoeza ibada kwa taabu za milimani, wenye miamba ya kupanda kwa minyororo, na msafiri wa kawaida asiiendee bila kiongozi.

Safari ya Nakahechi inakwendaje, siku kwa siku?

Huanzia Takijiri, mahali mito miwili inapokutana, ambapo mahujaji walijitosa majini kujitakasa kabla ya kuingia eneo takatifu. Kutoka Takijiri hadi Hongu ni kilomita 38, na nguzo zenye namba zimesimamishwa kila baada ya mita 500. Mtu mwenye nguvu huzimaliza kwa siku mbili. Sisi tunashauri tatu.

Mwanzo ni mkali. Nyuma ya kihekalu cha Takijiri njia inapanda mara moja juu ya mizizi ya miti, na wengi hujiuliza katika nusu saa ya kwanza kama wamekosea kuja. Hawajakosea. Baada ya takriban kilomita 4 unafika Takahara, kijiji kilicho kwenye mgongo wa mlima, chenye mashamba ya mpunga ya matuta na hekalu dogo lililozungukwa na mikafuri mikongwe. Asubuhi ukungu hujaa bondeni chini ya kijiji. Anayelala hapa usiku wa kwanza hupata zawadi ambayo anayekimbilia mbele haipati.

Siku ya pili inapita msituni hadi Chikatsuyu, kwenye bonde la mto, na kabla ya kufika hapo utakutana na Gyuba-doji, sanamu ndogo ya mtu aliyepanda ng'ombe na farasi kwa pamoja, inayosemekana kumwakilisha Kaisari Kazan. Ni ndogo kiasi kwamba wasafiri wengi hushangaa. Picha zake zimesambaa kuliko ukubwa wake. Mbele zaidi ni Tsugizakura, penye mierezi mikubwa ya Kijapani ambayo matawi yake yote yanaelekea upande mmoja, kusini, na wenyeji husema inaelekea Nachi.

Siku ya tatu ni ndefu, na sehemu ya njia ya asili katika kivuko cha Iwagami imefungwa kutokana na maporomoko ya ardhi. Fuata njia ya kuzunguka iliyowekewa alama. Ukifika Hosshinmon, jina lenye maana ya "lango la kuamka kwa moyo", zimebaki kilomita 7 nyepesi kupitia vijiji na mashamba ya chai. Halafu ni Fushiogami, maana yake "kuanguka na kusujudu". Hapo ndipo mahujaji walipouona uwanda wa Hongu kwa mara ya kwanza baada ya safari ya wiki mbili, wakapiga magoti na kusujudu njiani.

Kutoka Hongu wengi huishia hapo na kupanda basi. Walio na siku mbili zaidi waendelee hadi Nachi kwa kuvuka Kogumotori na Ogumotori, yaani vivuko vidogo na vikubwa vya "kushika mawingu", kwa jumla ya karibu kilomita 30, wakilala Koguchi katikati. Siku ya pili huanza na Dogirizaka, mpando unaokaribia mita 800 kwa kimo bila kupumzika. Huu ndio mlima uliomshinda Teika maneno, na ndio unaoifanya sauti ya maporomoko ya Nachi, unapoisikia jioni, iwe na maana.

Nina siku moja tu. Nifanye nini?

Panda basi hadi Hosshinmon na utembee kilomita 7 hadi Hongu. Ni mwendo wa saa tatu hivi, unafaa hata kwa watoto na wazee wenye afya. Chaguo jingine ni Daimonzaka huko Nachi, ngazi za mawe 267 katikati ya mierezi ya karne nyingi, lakini ni fupi, na watu ni wengi mno.

Vile vihekalu vidogo vinavyoitwa "Oji" ni nini?

Ni vituo vya ibada vya watoto wa mungu wa Kumano, vilivyopangwa njiani kutoka Osaka hadi Kumano. Huitwa "Oji 99", ingawa namba hiyo ilimaanisha tu kwamba ni vingi. Katika vituo hivyo mahujaji waliomba, wakatoa ngoma na mashairi, na wakapumzika. Vingine leo ni majengo madogo, na vingine vimebaki jiwe moja lenye maandishi na majani yaliyofagiliwa. Tunaomba msomaji asivipite kwa haraka eti kwa sababu hakuna cha kuona.

Kwa nini hekalu la Hongu haliko mahali pake pa asili?

Kwa zaidi ya karne nane hekalu lilisimama Oyunohara, kwenye uwanda wa mchanga mito inapokutana. Mahujaji hawakuwa na daraja; walivuka kwa miguu ndani ya maji, nguo zikalowa, na huko kulowa kukawa utakaso wa mwisho. Mwaka 1889 mafuriko makubwa yaliyasomba majengo mengi. Yaliyosalimika yalihamishwa mwaka 1891 hadi kilimani yalipo sasa.

Uwanda wa Oyunohara haukujengwa tena. Leo unaingia kupitia lango la torii la chuma lenye kimo cha mita 33.9, lililosimamishwa mwaka 2000, na ndani kuna nyasi, miti na vihekalu viwili vya mawe tu. Wageni wengi hupiga picha lango na kuondoka. Ingia ndani, kaa kimya kidogo. Ndipo mahali penyewe.

Nimesikia kwamba hata mto ni njia ya mahujaji. Inawezekanaje?

Ni kweli. Makaisari walipotoka Hongu waliteremka Mto Kumano kwa mashua hadi Shingu, na mto huo umeorodheshwa kama sehemu ya Urithi wa Dunia. Mashua za mbao zenye sakafu bapa bado huchukua wasafiri katika sehemu ya chini ya mto, kwa safari ya takriban dakika 90. Unapofika Hayatama kwa maji umefika kama walivyofika wao.

Niende msimu gani?

Machi hadi Mei, au Oktoba mwishoni hadi Novemba. Juni na Julai ni masika yao, na kuanzia Agosti hadi Oktoba vimbunga vinaweza kupiga. Rasi ya Kii ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Japani. Mji wa Owase, kwenye njia ya Iseji, hupata karibu milimita 4,000 kwa mwaka. Hii ndiyo sababu Iseji ina mawe mazuri namna ile. Wenyeji hawakutandika mawe kwa ajili ya urembo, bali kwa kuwa mvua ingeichukua njia ya udongo katika misimu michache. Katika kivuko cha Magose mawe hayo yanaendelea kwa karibu kilomita 2, chini ya miti ya hinoki. Yakilowa huteleza sana, hivyo viatu vyenye soli ya kushika na fimbo ya kutembelea si anasa.

Desemba na Januari Nakahechi hupitika, lakini jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, na msituni giza hutangulia.

Kuna hatari gani?

Kubwa kuliko zote ni mvua na kuchelewa. Septemba 2011 kimbunga kiliipiga rasi hii kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu wengi, na makovu yake bado yanaonekana mabondeni. Tahadhari ya mvua kubwa ikitangazwa, ahirisha safari. Nyoka wa mamushi ana sumu, nyigu wakubwa huwa wakali mwisho wa kiangazi, na dubu weusi wapo milimani, ndiyo maana baadhi ya watembeaji hufunga kengele kwenye mkoba. Anza kutembea asubuhi mapema, na uifahamishe nyumba ya wageni saa unayotarajia kufika.

Nifikeje huko, na nilale wapi?

Mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya anahitaji viza ya Japani kabla ya kusafiri. Kutoka kituo cha Shin-Osaka treni ya haraka iitwayo Kuroshio hufika Kii-Tanabe kwa muda wa saa mbili na dakika kadhaa, kisha basi hukufikisha Takijiri kwa takriban dakika 40.

Malazi ya njiani ni nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia, nyingi zikiwa na vyumba vichache tu, na nyingine hukoma kupokea wageni wenyeji wake wanapozeeka. Majira ya kuchipua na ya vuli hujaa miezi kadhaa kabla. Shirika la utalii la Tanabe, lililoanzishwa mwaka 2006, lina mfumo wa kuagiza malazi kwa Kiingereza kupitia intaneti, na kuna huduma ya kusafirisha mizigo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Chukua yeni taslimu. Vijijini kadi haitegemewi. Usifike bila kuagiza, kwani chakula cha jioni hupikwa kwa idadi ya wageni.

Vipi kuhusu chakula, hasa kwa Mwislamu?

Chakula cha njiani kinachojulikana zaidi ni mehari-zushi, tonge kubwa la wali lililofungwa kwa jani la haradali lililotiwa chumvi, na linafaa kubebwa kwa mchana. Minabe na Tanabe ni nchi ya ume, tunda dogo chachu linalotiwa chumvi na kukaushwa, ambalo humrudishia mtembeaji chumvi aliyoipoteza kwa jasho. Samaki hupatikana kwa wingi.

Mwislamu aseme wakati wa kuagiza, wala asingoje mezani, kwamba hali nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa sheria, na kwamba hatumii pombe hata katika mapishi, kwa kuwa mirin na sake hutiwa katika michuzi mingi. Huko Koyasan mahekalu yanayolaza wageni hupika chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki, lakini mirin inaweza kuwemo, basi uliza pia. Kwa anayetafuta kibla, kutoka Kii ni magharibi, kidogo upande wa kaskazini.

Mihuri ya njiani ni ya nini?

Katika Oji nyingi kuna kisanduku cha mbao chenye muhuri. Msafiri hupewa kijitabu na kugonga mwenyewe kila anapopita. Tangu mwaka 2015 kuna pia utaratibu wa pamoja na njia ya Santiago de Compostela ya Hispania, ambayo nayo imo katika orodha ya UNESCO. Aliyetembea kilomita 100 za mwisho za Santiago, na akatembea Kumano sehemu iliyokubaliwa, kwa mfano Takijiri hadi Hongu, husajiliwa kuwa hujaji wa njia zote mbili. Akijisajili huko Hongu huweza kupiga ngoma ya hekalu.

Nizingatie adabu gani?

Inama kidogo unapopita chini ya torii, na usitembee katikati ya njia yake. Nawa mikono na kusukutua kwenye birika la maji mlangoni. Anayetaka kusali kwa desturi ya Kishinto huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, na huinama tena mara moja. Asiyetaka hahitajiki kufanya hivyo. Kusimama kwa utulivu kunatosha, na hakuna atakayemuuliza mtu dini yake.

Katika chemchemi za maji moto watu huoga uchi, wanaume na wanawake mbalimbali, baada ya kujisafisha kwanza nje ya bwawa. Anayeona haya achague Tsuboyu huko Yunomine, kibanda kidogo cha mbao juu ya kijito, ambacho hupewa mtu mmoja au wawili kwa dakika 30. Nacho kimo katika orodha ya mwaka 2004, na kina kisa chake. Oguri Hangan alitiliwa sumu, akarudi duniani kutoka kwa wafu akiwa kiwete asiyeona wala kusikia, akawekwa kwenye kigari chenye maandishi kwamba kila atakayekivuta atapata thawabu. Watu wasiomjua walipokezana kukivuta, hatua kwa hatua, hadi Yunomine, na maji hayo yakamponya. Katika visa vyote vya Kumano hiki ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa aliyepona hakutembea hata hatua moja, njia ilimbeba.

Ilikuwaje njia hizi zikasalimika?

Nusura zisisalimike. Mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru Ushinto na Ubudha vitenganishwe, na mafungamano ya Kumano yakakatwa kwa amri. Mwaka 1906 ikaja amri ya kuunganisha mahekalu madogo, na katika utekelezaji wake Oji nyingi zilifutwa, miti yao ikakatwa na kuuzwa. Mwanasayansi Minakata Kumagusu, aliyewahi kufanya utafiti London na kisha akahamia Tanabe, alipinga hadharani. Aliwaandikia wakuu wa serikali na wasomi, akieleza kwamba anayekata msitu wa hekalu anakata pia viumbe vilivyomo na kumbukumbu ya kijiji, na mwaka 1910 aliwekwa kizuizini kwa siku kadhaa kutokana na vurugu za upinzani huo. Ile mierezi ya Tsugizakura, yenye matawi yanayoelekea kusini, ni miongoni mwa iliyookolewa. Mingi zaidi haikuokolewa.

Je, mgeni anaweza kusaidia kuzitunza?

Anaweza. Mvua huosha udongo wa njia kila mwaka na kuacha mizizi wazi, na mashine haziwezi kuingizwa katika njia nyembamba za milimani. Kwa hiyo kuna desturi iitwayo michibushin, yaani kazi ya kutengeneza njia, ambamo wenyeji, wanafunzi na wafanyakazi wa makampuni hubeba udongo kwa mifuko hadi mahali palipomomonyoka, huumwaga na kuushindilia kwa mikono na miguu. Anayetaka kushiriki aulize mapema, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuongeza udongo wala kuhamisha jiwe kwa uamuzi wake. Siku ya kazi kila mtu hupewa mfuko wake, na hupanda nao taratibu, kwani udongo uliolowa ni mzito.